Sekunde Arobaini za Muswada wa Mashimo

Dada: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

Katibu: Ni mimi, dada. Shikamoo.

Dada: Mimi ndio nani? Akina mimi wako wengi mjini.

Katibu: Mdogo wako. Chapchap wenu.

Dada: Aa! Marahaba, katibu wa mheshimiwa! Leo umeamkia upande gani wa kitanda hata ukanikumbuka? Na hii namba umeiokota wapi?

Katibu: Simu ya ofisi ya jimbo. Yangu iko kwenye chaji. Hamjambo huko?

Dada: Hatujambo. Mbona unanong'ona? Umejificha?

Katibu: Niko stoo.

Dada: Stoo! Mtu mzima na tai yake—

Katibu: Sikiliza kwanza, dada. Sina muda mrefu. Nimekaa juu ya maboksi ya vipeperushi, nikiinua kichwa nagonga rafu. Ile orodha inatoka leo?

Dada: Orodha ipi?

Katibu: Unaijua. Ya wabunge. Nani kawasilisha muswada gani, umefikia wapi, nani kahudhuria vikao mara ngapi. Wananchi wasome wenyewe.

Dada: Saa kumi jioni. Inabandikwa ukutani hapa bungeni na kwenye mtandao. Sasa hivi ni saa nane na robo. Usiniambie umeanza kutokwa jasho.

Katibu: Wala. Nataka tu kulinganisha. Sisi tuna miswada kumi na moja. Tumeichapisha, ina picha ya mheshimiwa ameinua kidole. "Miswada kumi na moja, mbunge mmoja."

Dada: Na kidole kimoja.

Katibu: (anacheka kidogo) Dada, bwana.

Dada: Kumi na moja ni kweli, ninayo hapa. Mitatu imekuwa sheria. Mmoja wa hiyo mitatu ni wa kubadilisha jina la uwanja, huo nao mmeuhesabu, hamna aibu. Saba bado inazunguka. Mmoja— (mtandao unakwaruza) —wa tisa.

Katibu: Haloo? Umesema nini kuhusu wa tisa?

Dada: Nimesema mmoja ni wa tisa.

Katibu: Ndiyo. Nilitaka kukuuliza habari za huo. Wa kufukia mashimo. Umeandikwaje?

Dada: Unauliza kama hujui.

Katibu: Nauliza maneno yaliyotumika. Kuna "haukusomwa kwa kukosa muda." Kuna "umeahirishwa." Na kuna lile jingine.

Dada: Liseme.

Katibu: Wewe unalijua.

Dada: Nataka kulisikia kutoka stoo.

Katibu: "Umeondolewa na mwasilishaji."

Dada: Ndilo hilo.

Katibu: Sasa dada, "haukusomwa kwa kukosa muda" si uongo. Siku ile muda kweli ulibana. Kikao kilianza saa tano, mwenyekiti anaangalia saa yake tu—

Dada: Chapchap.

Katibu: —neno moja halimuumizi mtu, na uchaguzi ni mwezi ujao—

Dada: Chapchap. Kikao nimekichapa mimi.

Katibu: Wewe? Kikao cha mwaka juzi?

Dada: Tuko nyuma miaka miwili, hujui? Mkanda wa sauti unakatwa vipande vya dakika tano tano, kila mchapaji anagawiwa chake. Hakuna anayechagua. Juzi asubuhi nimefungua mashine, nimevaa hedifoni, chai yangu pembeni, namsikia mwenyekiti anasema, "Mheshimiwa, karibu na muswada wako wa mashimo." Nikasema, haya, leo nimepewa wa nyumbani.

Katibu: Kwa nini hukuniambia?

Dada: Nikuambie nini? Chai ilipoa, sikuinywa.

Katibu: Kinasikika kitu gani humo?

Dada: Mheshimiwa anaanza vizuri. Anasema makandarasi wanachimba kifusi cha barabara, wakimaliza wanaondoka na mashine zao wanaacha mashimo wazi, mvua ikinyesha yanajaa, watoto wanadhani ni bwawa la kuogelea. Anasema ana saini mia sita zilizokusanywa na fundi cherehani mmoja wa jimboni kwake. Anaongea kama mtu, yaani nilisahau kama ni mbunge.

Katibu: Alijiandaa wiki nzima.

Dada: Halafu mwenyekiti anamwambia, "Unaendelea nao au unauondoa?" Na hapo ananyamaza. Sekunde arobaini. Nimezihesabu kwenye saa ya mkanda. Halafu anasema, "Naondoa." Basi. Kuchapa nilimaliza siku ile ile, lakini niko hapo hapo siku ya tatu leo.

Katibu: Alikuwa anafikiri.

Dada: Alikuwa peke yake akifikiri?

(mtandao unakwaruza)

Katibu: Haloo? Nakupoteza, dada.

Dada: Hunipotezi. Nakusikia mpaka unavyopumua. Nimekulea mimi, nimekubeba mgongoni una surua, sauti yako naijua hata ukiongea ndani ya mto. Kinasa sauti cha mheshimiwa kilikuwa hakijazimwa, taa yake nyekundu inawaka, na wewe ukamwinamia sikioni.

Katibu: (kichwa kinagonga rafu)

Dada: "Ondoa, mheshimiwa. Barabara kwanza. Tutaurudisha kikao kijacho."

Katibu: Usiyarudie hayo maneno kwa simu.

Dada: Kwani ni ya nani?

Katibu: Mkandarasi wa lami alikuwa amesema wazi! Muswada ukipita anahamisha mashine siku hiyohiyo. Lami ilikuwa imebaki kilomita nne kufika sokoni. Nne, dada! Watu miaka thelathini wanakula vumbi. Nilidhani kikao kijacho tungeurudisha, naapa. Nilikuwa na faili lake mezani, niliandika kwa kalamu nyekundu "kikao kijacho."

Dada: Na kikao kijacho kikawaje?

Katibu: Kikapita.

Dada: Na kingine?

Katibu: Dada, unanichoma.

Dada: Sikuchomi. Nauliza kama mchapaji, niweke nukta.

Katibu: (anashusha pumzi) Sawa. Umeniandika? Niambie ukweli. Hayo maneno yangu yamo kwenye taarifa?

Dada: Hayamo.

Katibu: Hayamo?

Dada: Kanuni ya chumba chetu. Anayeandikwa ni aliyepewa nafasi na mwenyekiti. Kikohozi hakiandikwi, kiti kinacholia hakiandikwi, mbunge akikoroma haandikwi, na katibu aliyekaa nyuma akinong'ona haandikwi. Mle kwenye karatasi wewe hukuwepo. Kuna "(kimya)" kwenye mabano, kisha "Naondoa." Kwisha.

Katibu: Na sauti yenyewe?

Dada: Nikisaini saa kumi, inafutwa. Mtambo umejaa, kila kinachosainiwa kinafutwa siku hiyo hiyo.

Katibu: Kwa hiyo hakuna atakayejua.

Dada: Hakuna.

Katibu: (anacheka, taratibu) Aisee. Dada yangu. Unajua tangu juzi niliposikia orodha inatoka sijala? Nikifunga macho naona ile taa nyekundu. Nilijua kinasa kiko wazi, unajua? Niliiona nilipoinua kichwa. Miaka miwili naiona. Sasa basi, lile neno la "umeondolewa" acheni tu, tutajieleza. Asante, dada. Mungu aku—

Dada: Subiri, usinibariki bado. Kuna mtu mwingine sikumwandika.

Katibu: Mwingine nani? Tulikuwa watu tisa tu mle ndani.

Dada: Hakuwa ndani. Mlango uliachwa wazi, siku ile feni iliharibika, mwenyekiti analalamika joto mwanzoni kabisa. Koridoni kuna viti.

Katibu: Hapana.

Dada: Kuna mtoto wa kike anavihesabu.

Katibu: Dada, hapana. Usinifanyie hivyo.

Dada: Ni kasauti kembamba. Kwanza nilidhani ni mkanda unalia. Nikapandisha sauti. Anahesabu viti, anafika sita, anarukia nane, anarudi mwanzo. Mwanamke anamwambia, "Kaa vizuri, wenye kazi wanaongea." Ndiye? Ndiye mtoto wa yule fundi, Chapchap?

Katibu: Ndiye. Alikuja naye. Amevaa gauni la maua, kamshonea kwa ajili ya kuja mjini.

Dada: Na shimo alilozama ni lile lile la kwenye muswada.

Katibu: Ni lile lile. Miezi kumi na moja baadaye. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Alikuwa anatoka shule. Mheshimiwa alienda mazikoni, mimi nilimshikia mwavuli.

Dada: Nilisikia. Ila sikujua kama ningekaa naye siku mbili masikioni. Nikivua hedifoni namsikia. Jana nimetoka chooni, koridoni hakuna mtu, nimejikuta nahesabu viti. Mzee wa Masikio, yule anayehakiki kazi zetu, akaniuliza, "Mama, umepoteza kitu?"

Katibu: (sauti ya chini) Yuko hapa.

Dada: Nani?

Katibu: Mama Fundi. Yule mama. Amekaa chumba cha mbele, kiti cha karibu na dirisha. Ndiyo maana niko stoo.

Dada: Amefuata nini?

Katibu: Anakuja kila Alhamisi. Tangu msiba, kila Alhamisi. Hapigi kelele, hatukani. Anakaa, anaweka mkoba mapajani, anauliza, "Muswada wetu umefika wapi?" Akijibiwa anasema ahsante, anakaa kidogo tena, anaondoka. Kiti kile siku nyingine nacho kinanitisha. Kikiwa kitupu nakizunguka.

Dada: Hajui kama uliondolewa?

Katibu: Hakuna aliyemwambia.

Dada: Unamjibu nini mwaka mzima?

Katibu: Namwambia— usikasirike.

Dada: Sema.

Katibu: Namwambia uko kwa wachapaji.

Dada: Ati nini?

Katibu: Kwamba wachapaji wenu ni wazito. Mnachelewesha.

Dada: Wewe mtoto! Umenisingizia mimi? Dada yako wa tumbo moja? Ningekuwa karibu ningekutwanga kofi hilo, mheshimiwa wako angelisikia huko aliko!

Katibu: Nilikosa la kusema.

Dada: Uongo wako una miguu, bwana. Umetembea mpaka ukanifikia mezani. Haya, nisikilize vizuri. Yule mama ana sauti ya mwanawe popote? Kwenye simu, kwenye kitu chochote?

Katibu: Hana. Aliniambia mara moja. Ana picha mbili, sauti hana. Alisema anaanza kuisahau, akicheka ilikuwaje.

Dada: Mimi ninayo. Mpaka saa kumi.

Katibu: Toa nakala.

Dada: Mashine haitoi nakala, imefungwa makusudi. Na nikikutwa nimejaribu, kazi miaka ishirini imeondoka. Lakini naweza kubana simu kwenye hedifoni. Mzee wa Masikio ameenda kula, ana nusu saa na meno yake machache. Mpe simu mama wa watu.

Katibu: Sasa hivi?

Dada: Unataka Alhamisi ijayo?

Katibu: Basi ruka kile kipande changu. Anzia kwa mtoto tu.

Dada: Haiwezekani.

Katibu: Punguza sauti basi nikifika mimi.

Dada: Haiwezekani, mdogo wangu, ingewezekana ningekuruka bila hata kukuambia. Mmeingiliana. Mtoto anaacha kuhesabu, anasema, "Mama, wamemaliza?" Na wewe hapo hapo unasema, "Ondoa." Yaani ni kama unamjibu yeye.

(mtandao unakwaruza)

Dada: Uko?

Katibu: Atanijua. Ananisikia kila Alhamisi.

Dada: Atakujua.

Katibu: Atasimama sokoni aseme. Mheshimiwa atanifukuza kabla ya jua kuzama, atasema ni mimi, yeye hakujua kitu. Na watu— wewe humjui mtu akikugeukia hapa. Nina watoto wanasoma shule moja na—

Dada: Najua.

Katibu: Kwa hiyo unaniambia nifanye nini?

Dada: Sikuambii kitu. Ukitaka kimya, kimya kipo, tena cha kisheria, kwenye mabano. Nitasaini, kitafutwa, na mimi sitalitaja mpaka nakufa. Nitakuja kwako sikukuu tutakula tutacheka. Lakini mimi siko karibu na huo mlango. Wewe ndiye uko karibu.

Katibu: Dada—

Dada: Nini?

Katibu: Kiti kimelia. Amesimama. Namwona kwenye ufa wa mlango. Anafunga mkoba.

Dada: Anaondoka?

Katibu: Anaondoka. Amechukua na kipeperushi. Ana— anasoma pale namba tisa. Tumeandika "Muswada wa Kufukia Mashimo." Anapitisha kidole.

Dada: Basi umeponea. Mwache aende.

Katibu: (maboksi yanasogezwa)

Dada: Chapchap? Nivue hedifoni?

Katibu: Mama! Mama Fundi! Subiri, usitoke! (kishindo, maboksi yanaanguka) Subiri, mama, kuna simu yako. Hapana, si ya mheshimiwa. Shika. Iweke sikioni. Kaa, kaa kwanza.

Mama Fundi: Haloo? Shikamoo.

Dada: Marahaba, mama. Pole na kusubiri. Mimi ni mchapaji wa vikao vya kamati.

Mama Fundi: Aa, ndio nyinyi mnaochelewesha.

Dada: Ndio sisi. Mama, siku ile mlipokuja mjini na saini, mlikaa koridoni. Mlango ulikuwa wazi. Kinasa sauti kimemchukua na mwanao.

Mama Fundi: Mwanangu yupi?

Dada: Huyo huyo, mama.

Mama Fundi: Unanifanyia mchezo?

Dada: Sifanyi. Sina muda mrefu, na nikimaliza leo haitakuwepo tena. Nikuwekee?

Mama Fundi: Mnazo sauti za watu walio— (anasita) Weka.

Dada: Bana simu vizuri sikioni. Haya.

(mkwaruzo, sauti za mbali, kasauti kembamba: "…nne, tano, sita, nane… moja, mbili…" Sauti ya mwanamke. Kasauti tena: "Mama, wamemaliza?" Mnong'ono wa mwanamume. Kimya. "Naondoa.")

Dada: Mama? Uko hapo?

Mama Fundi: Alikuwa na mafua.

Dada: Ndiyo, mama.

Mama Fundi: Siku ile alikuwa na mafua. Nilimwambia avae sweta akakataa, eti litaficha gauni. Msikie pua yake. Nilisahau kabisa kama alikuwa na mafua.

(analia bila sauti, mtandao unakwaruza)

Mama Fundi: Na huyo mwanamume?

Dada: Hilo mama, silijibu mimi.

Mama Fundi: Anasema ondoa. Aondoe nini?

Katibu: (kwa mbali kidogo) Ni mimi, mama.

Mama Fundi: Wewe?

Katibu: Ni mimi niliyemwambia mheshimiwa aondoe muswada. Haujafika popote. Haukwenda kwa wachapaji, nilikudanganya. Uliondolewa siku ile ile, nyinyi mmekaa nje.

Mama Fundi: Ulitoka ukatuambia mambo yamekwenda vizuri.

Katibu: Ndiyo.

Mama Fundi: Ukampa mwanangu pipi.

Katibu: Ndiyo, mama.

Mama Fundi: Akaigawa nusu, nusu akanipa mimi. Nikaila.

Katibu: Mama, mimi naomba—

Mama Fundi: Kaa.

Katibu: Naomba nikueleze—

Mama Fundi: Nimesema kaa. Hapo chini, juu ya vikaratasi vyenu. Usinieleze kitu. Utaeleza nikimaliza, na hutanieleza mimi peke yangu. Dada wa kuchapa?

Dada: Naam, mama.

Mama Fundi: Rudisha. Tangu anapoanza moja.

Dada: Narudisha. (mlio) Mama, salio la simu hiyo linaisha, nasikia mlio. Nakata, nakupigia mimi sasa hivi kwa namba hii hii, usiende mbali—

Mama Fundi: Niende wapi? Hapa nimezoea kusubiri. Wewe piga. Huyu nimemshika shati.

Dada: Haya, mama, nakupi—

(simu inakatika)